Muwasho unaorudi kila mara kwa mtu mzima: mwongozo wa kuutafutia jina kabla ya kuandika krimu ingine

Afande alikuja na kavera, mfuko wa plastiki. Ndani mna tyubu nane, zingine zimekunjwa mpaka mkiani kama kolgeti ya mwisho wa mwezi, zingine nusu, na nikizisoma moja moja nyuma naona ni ileile tu imebadilishwa boksi: betamethasoni ambayo ni steroidi, klotrimazoli ya fangasi na gentamaisini ya bakteria ndani ya tyubu moja. Miaka sita anawashwa kiunoni na matakoni, inakuja siku mbili, inapotea, baada ya mwezi au miezi miwili inarudi, na kila akifika kwa daktari muwasho umeshaondoka na ngozi iko safi kabisa, basi anapewa krimu ingine na sindano anaambiwa nenda. Mkewe alishaanza kusema haya ni mambo ya kijijini.

Mi ni klinika ofisa, kliniki yetu ni ndogo, iko Arua, wagonjwa wanatoka Koboko, Nebbi na wengine wanavuka kutoka Kongo, Kiswahili ndio kinatukutanisha. Naandika kwa wenzangu wa vituo vya afya ambao hawana daktari wa ngozi karibu, na kwa wewe unayewashwa pia, ujue unapaswa kuulizwa nini na ubebe nini ukienda. Afande ntamrudia njiani manake ugonjwa wake ulinifundisha kufuata hatua zote bila kuruka hata moja, hata pale unapodhani umeshajua.

Kwanza jua kama inaweza kusubiri

Mtu akiwashwa miaka sita tunamzoea, na hapo ndio tunapopigwa. Midomo au ulimi ukivimba, anahema kwa shida, sauti imebadilika, hakuna maswali hapo, ni adrenalini nusu miligramu kwenye msuli wa paja upande wa nje, mlaze, mengine baadaye. Kama alianza dawa mpya wiki chache zilizopita, hasa septrini, nevirapini, fenitoini au kabamazepini, alafu sasa ana homa, macho mekundu, vidonda mdomoni au sehemu za siri na ngozi inauma kuliko inavyowasha, simamisha dawa na apelekwe hospitali ya rufaa leo leo. Macho ya njano, kukonda, jasho la usiku linalolowesha shuka, tezi shingoni au kwapani, hizo usizifunike na Piriton.

Na mjamzito wa miezi ya mwisho anayewashwa viganja na nyayo, usiku ndio zaidi, bila kipele hata kimoja isipokuwa alama za kucha. Tafadhali usimwambie ni joto. Inawezekana ini limeshindwa kupitisha nyongo vizuri na hatari kubwa iko kwa mtoto aliye tumboni, huyo apimwe ini na aonwe na daktari wa uzazi haraka.

Afande hakuwa na lolote kati ya hayo kwa hiyo tukaenda mbele.

Simamisha krimu

Steroidi ni dawa nzuri ikipewa ugonjwa wake. Ikipakwa kwenye choa, ile fangasi ya ngozi, ule ukingo wa duara ulioinuka na wenye magamba unazimika, linabaki baka lisilo na umbo, na choa kinaendelea kutambaa chini kwa chini mpaka kinafika mgongo mzima. Ikipakwa kwenye skebizi, yaani ule upele wa kuambukizana, vipele vinapungua lakini utitiri unazaliana kwa raha zake. Mgonjwa anakwambia "ile krimu inanisaidia, nikiacha inarudi", na wewe ukisikia hiyo sentensi ujue unachokiona kwenye ngozi sio ugonjwa wenyewe, ni ugonjwa uliopakwa rangi.

Kwa hiyo mwambie alete kila anachopaka na kila anachomeza, miti shamba imo, sabuni imo, na losheni ya kung'arisha ngozi imo. Hiyo ya mwisho muulize peke yake, kwa upole, manake hakuna atakayekubali mbele ya shemeji. Zingine zina klobetasoli, steroidi kali, ndani au zebaki na hazijaandikwa popote kwenye boksi.

Alafu aache krimu zote za steroidi wiki mbili, apake vaselini tu, anywe setirizini, dawa ya aleji, kama usiku halali. Mwambie mapema kabisa kwamba siku za kwanza inaweza kuwaka kuliko mwanzo, usipomwambia atakukimbia siku ya tatu. Ila angalia: kama amekuwa akimeza prednisoloni zaidi ya wiki tatu hivi usimkatishe ghafla, mwili umeshazoea kupewa na umeacha kutengeneza ya kwake, hapo dozi inapunguzwa polepole na daktari anayemfuatilia.

Maswali, na hapa ukae chini

Mimi natumia dakika ishirini kwenye maswali na dakika tano kwenye ngozi. Wenzangu wananicheka, foleni iko nje, lakini nikipima hesabu naona mgonjwa niliyemuuliza vizuri harudi mara tano.

Anza na hili: inaanzia wapi mwilini, na siku ya kwanza kabisa ilikuwa lini. Sio "zamani". Kabla ya uchaguzi au baada? Mtoto wako wa mwisho alikuwa ameshazaliwa? Watu wanakumbuka hivyo, hawakumbuki tarehe.

Nani mwingine anajikuna nyumbani. Wakiwa wawili watatu, na inawasha zaidi usiku, fikiria skebizi kabla ya kitu kingine chochote. Mtu akiambukizwa mara ya kwanza muwasho unachelewa wiki nne mpaka sita, kwa hiyo yule aliyeanza kujikuna sio lazima ndiye aliyeileta. Akiambukizwa tena mara ya pili unaanza ndani ya siku moja mpaka nne tu. Mgonjwa wako akikwambia nilipona nikarudia, uliza walioko naye kitandani walitibiwa siku ileile? Mara nyingi jibu ni hapana, na hapo umeshapata ugonjwa wako "wa ajabu unaojirudia".

Kila kipele kinakaa muda gani. Hili ndilo swali watu wanaliruka na ndilo linalogawa magonjwa vizuri. Kama vinavimba kama umeumwa na mbu, vinahama, na kila kimoja kinafutika ndani ya saa 24 bila alama, hiyo ni urtikaria, na ikiendelea zaidi ya wiki sita inaitwa sugu. Hapo usimzungushe na vipimo vya aleji vya chakula, kwa ile sugu chakula huwa sio chanzo mara nyingi, uliza zaidi dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na daiklofenaki ambazo zinaichochea. Kama kila kimoja kinakaa zaidi ya siku, kinauma na kinaacha doa kama la kupigwa, huyo anahitaji bayopsi, yaani kukatwa kinyama cha ngozi kikapimwe.

Kazi. Fundi wa saruji mwenye mikono iliyopasuka, kromati iliyo kwenye saruji hiyo. Dada wa saluni, rangi nyeusi ya nywele. Mwenye kipele kimoja chini ya kitovu kisichopona, mwambie ageuze baklo ya mkanda uione, nikeli hiyo. Msafi wa hospitali na glavu za mpira. Uliza kama akienda likizo inapungua.

Maji. Amezama ziwani, Victoria au Albert, na ndani ya saa chache miguu inawasha? Vijidudu vya kichocho vinavyoingia kwenye ngozi vinafanya hivyo, na hata vile vya ndege ambavyo havina njia ya kukaa ndani ya mtu. Na yule ambaye akitoka tu kuoga mwili mzima unachomachoma bila kipele, mpime damu kamili, kuna ugonjwa wa damu kuwa nzito unaoanza hivyo.

Dawa. Wazee wetu wanaikumbuka klorokwini, unameza ya malaria, kabla siku haijaisha mwili unachomachoma kama umepakwa pilipili na ngozi haina kitu. Haidroksiklorokwini inayopewa watu wenye ugonjwa wa viungo na wa lupasi inaweza kuleta hiyohiyo.

Na safari, umeishi wapi, mto gani, msitu gani. Afande alishawahi kukaa miezi mingi kwenye misitu ya Kongo enzi zake, analala chini, anachimba, buti zimeoza anatembea peku. Hilo hakuwahi kuulizwa na mtu kwa miaka sita. Nilipomuuliza muwasho wenyewe unakuwaje, akafikiri kidogo akasema, "Daktari, ni kama uzi unatembea chini ya ngozi."

Iandike sentensi ya mgonjwa jinsi alivyoisema. Nami karibu niandike "muwasho wa matako", bahati nzuri sikuandika.

Mvue nguo

Nyote mnajua tunavyofanya, mgonjwa anapandisha shati nusu, sisi tunachungulia tukiwa tumekaa mezani. Haiwezekani hivyo. Funga mlango, ita mwenzako wa jinsia yake kama inabidi, tazama mwili wote mpaka katikati ya vidole vya miguu, mdomoni, kucha, kichwani.

Kwenye ngozi yetu nyeusi usitafute wekundu wa kwenye vitabu. Utaona kijivu, zambarau, au weusi uliozidi, na mara nyingi kidole kinaona kabla ya jicho: joto, ukavu, vile ngozi imekuwa nene. Washa tochi ya simu uilaze pembeni, sio juu, kivuli kitakuonyesha vilivyoinuka.

Kitu kimoja nakipenda sana ni mgongo. Kama vidonda viko kila mahali isipokuwa katikati ya mgongo, pale ambapo mkono haufiki, panakuwa safi kwa umbo kama la kipepeo, ujue vidonda vingi hivyo vimetengenezwa na kucha, kilichobaki ni kutafuta kinachomfanya ajikune, inaweza kuwa ndani ya mwili na sio kwenye ngozi. Kinyume chake, kama katikati ya mgongo pia pana vipele, hivyo vimejitokeza vyenyewe.

Alafu ramani. Katikati ya vidole vya mikono, vifundo, kwapa, chuchu, kitovu, mstari wa mkanda, uume, matako, hiyo ni skebizi, na kwa mtu mzima uso na kichwa kwa kawaida vinabaki salama. Tafuta handaki la utitiri: paka wino wa felti juu ya kipele, futa kwa spiriti, wino unabaki ndani ya kile kimstari kidogo cha kupinda. Mtu wa kawaida mwenye skebizi ana utitiri kumi mpaka kumi na tano tu mwili mzima, ndio maana usipoupata usiseme haupo.

Vipele vigumu vyenye kuwasha upande wa nje wa mikono na miguu, pande zote mbili sawasawa, vikipona vinaacha madoa meusi mengi, mpime HIV. Kwa kweli mtu mzima yeyote mwenye muwasho unaojirudia mpime HIV, bila kumkazia macho, ni kipimo kama vingine. Kuna utafiti ulifanyika hapahapa Uganda ukachapishwa 2004, walichukua vinyama vya ngozi vya wagonjwa 102 wenye HIV na vipele vya aina hii, na 84% vilionyesha alama za kuumwa na wadudu. Yaani mwili ambao kinga yake imeyumba unamjibu mbu kwa hasira isiyo ya kawaida. ARV zikishika vinapungua kwa miezi, na neti inasaidia kuliko tyubu.

Zambarau, bapa, vinang'aa, kwenye vifundo vya mikono, na ukifungua mdomo unaona weupe kama wavu ndani ya shavu: laikeni planasi. Mabaka yaliyopauka kidogo sehemu ambazo jua halifiki, matako, mapaja ya juu, yamekaa miaka, yanawasha au hayawashi, yamekataa dawa za fangasi na za pumu ya ngozi, peleka bayopsi, na ikirudi haina kitu peleka tena baada ya miezi, kuna saratani ya ngozi ya pole pole inayojificha hivyo. Baka lisilo na hisia kabisa ukiligusa kwa pamba ni habari ya ukoma, na huo huwa hauwashi.

Miundi iliyotokwa rangi madoadoa kama chui, ngozi kavu iliyozeeka kuliko umri wake, vinundu vigumu vinavyoteleza juu ya mifupa ya nyonga au mbavu: usubi, ule ugonjwa wa minyoo unaoitwa upofu wa mtoni. Uliza kama alikulia karibu na mto wenye maji ya kasi, na kama alikuwa anapimwa na fimbo ya urefu na kupewa vidonge na VHT, wale wahudumu wa afya wa kijiji. Uganda tangu 2007 iliamua kuumaliza kabisa badala ya kuupunguza tu, ivermektini ikagawiwa mara mbili kwa mwaka, na sehemu nyingi maambukizi yameshakatika, lakini mnyoo jike anaishi miaka kumi mpaka kumi na tano na watu wanahama, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuwa anaishi mjini Kampala na muwasho wake ni wa mtoni.

Na wale wasio na upele kabisa, kucha tu? Hao usiwapuuze, fikiria ini, figo, tezi la shingo (thairoidi), upungufu wa madini ya chuma, limfoma (saratani ya tezi), HIV. Nimekaa kidogo hapa kwa sababu hapa ngozi haikusaidii, damu ndio itakusaidia.

Afande nilimvua nguo zote. Sikuona kitu. Alama mbili za zamani za kucha kiunoni, basi.

Biro, simu na karatasi ya daftari

Ugonjwa unaotoweka kabla ya kufika kliniki lazima mgonjwa mwenyewe aukamate. Mpe kazi hii, ni ya bure. Karatasi ya daftari, mistari minne: tarehe na saa ulipoanza, sehemu ya mwili, nilichokuwa nafanya au nimemeza siku hiyo, saa ulipoisha. Picha kwa simu mchana karibu na dirisha, sarafu ya 500 pembeni ili ukubwa uonekane, picha moja ya karibu na moja ya mbali manake ya karibu peke yake hata mimi sijui ni goti au ni kiwiko. Na biro: kikitokea kipele chora duara pembeni yake, kikiwa ni mstari weka alama pale unapoishia, rudi utazame baada ya nusu saa.

Wiki tano baadaye afande akanipigia usiku, nikasikia mkewe nyuma anacheka kwa mshangao. Kesho yake akaja na simu. Picha ya kwanza saa tatu usiku, mstari mwembamba ulioinuka, una mawimbi, chini kidogo ya mkanda upande wa kushoto, biro imeweka nukta kwenye ncha. Picha ya pili saa nne, ncha iko vidole vinne mbele ya nukta. Mkewe ndiye aliyeshika biro.

Hapo mambo yanabaki machache. Mabuu ya minyoo ya mbwa nayo yanachora mistari, mara nyingi kwenye mguu uliokanyaga mchanga, lakini hayo yanakwenda pole, milimita au sentimita chache kwa siku nzima. Mstari unaokimbia sentimita tano mpaka kumi na tano kwa saa, matakoni, kiunoni au mapajani, unapotea alafu unarudi miezi mingine, huo ni mnyoo mdogo unaoitwa strongiloidesi. Tofauti yake na minyoo mingi ni kwamba anaweza kujiambukiza upya ndani ya mtu yuleyule, mabuu yanatoka utumboni yanapenya tena, mzunguko hauishi. Wanajeshi waliofungwa kwenye reli ya Burma vita vya pili vya dunia walikutwa bado wanao miongo mingi baadaye, wako kwao Uingereza na Australia, hawajakanyaga tena udongo ule.

Na sasa fikiria zile sindano. Steroidi ya kuchoma au kumeza kwa mtu mwenye strongiloidesi inaweza kuyafungulia mabuu mlango, yakajaa mwilini, yakabeba bakteria wa utumbo mpaka kwenye damu, mapafu na ubongo, na watu wanakufa kwa hilo. Afande alichomwa deksamethasoni mara sijui ngapi. Nilipomweleza alinyamaza muda mrefu.

Vipimo, kwa hela iliyopo

Sio kila mtu apimwe kila kitu. Kwa muwasho uliozidi wiki sita bila jina mimi naagiza: damu kamili pamoja na hesabu ya eosinofili (aina ya seli nyeupe za damu), HIV, kaswende, sukari, figo, ini pamoja na bilirubini, choo, na mimba kama inahusika. Tezi la shingo na eksirei ya kifua nikiwa na sababu. Baka lenye magamba likwangue ukingoni, tone la potasiamu haidroksaidi, darubini, dakika kumi umejua kama ni fangasi.

Eosinofili zikipanda fikiria minyoo, dawa, au aleji. Zikiwa za kawaida hazimwachii mnyoo huru.

Choo cha mara moja kwa njia ya kawaida kinakosa strongiloidesi nusu ya mara au zaidi, mabuu ni machache na hayatoki kila siku. Cha afande kilirudi "hakuna minyoo". Mtu wetu wa maabara akakumbuka kipimo cha Baermann alichofundishwa chuoni: faneli mpya ya kumiminia mafuta ya taa, mpira mdomoni umebanwa na klipu, shashi juu, choo kibichi cha asubuhi ileile (kisiingie friji), maji ya uvuguvugu yakakigusa kutoka chini. Mabuu yanapenda uvuguvugu, yanatoka kwenye choo, yanazama. Baada ya saa mbili akafungua klipu, akachukua matone ya chini, akaniita. Vilikuwa vitatu, vinajinyonganyonga chini ya darubini kama vinagombana. Vaa glavu ukifanya hii, mabuu yanaweza kupenya ngozi yako wewe.

Dawa, baada ya jina

Strongiloidesi: ivermektini mikrogramu 200 kwa kila kilo, ya kumeza, mtu wa kilo 60 ni miligramu 12, yaani vidonge vinne vya miligramu 3. Ile albendazoli ya dozi moja ya kutoa minyoo haitoshi hapa, ndio maana mtu anakwambia nimekunywa dawa za minyoo kila mwaka na bado. Lakini kabla ya ivermektini kwa mtu aliyeishi misitu ya Kongo, muulize swali moja: ushawahi kuona mnyoo ukipita juu ya jicho lako, au mkono umevimba ghafla ukarudi wenyewe baada ya siku chache? Kama ndio, huenda ana loa loa, mnyoo wa jicho, na akiwa nayo nyingi kwenye damu ivermektini inaweza kumdhuru ubongo, mpime damu ya mchana kwanza. Afande alisema hapana, damu ikawa safi, akameza.

Skebizi: permethrini 5% kuanzia shingoni mpaka unyayo, chini ya kucha pia, ikae saa nane mpaka kumi na nne, rudia baada ya siku saba. BBE (benzili benzoeti) ya 25% inafanya kazi pia ila inachoma, mwonye. Nyumba nzima siku moja, hata asiyewashwa. Nguo na shuka maji ya moto na jua kali, zisizofulika zifungwe kwenye mfuko siku kadhaa. Muwasho unaweza kubaki wiki mbili mpaka nne baada ya kupona na hiyo sio sababu ya kupaka kila siku, watu wanajiunguza na BBE wakidhani wadudu bado wapo.

Urtikaria sugu: setirizini au loratadini kila siku, sio siku ya kuwashwa tu, na daktari anaweza kupandisha mpaka mara nne ya dozi. Choa: klotrimazoli peke yake isiyochanganywa, na iendelee wiki moja au mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Ukavu na pumu ya ngozi: mafuta mengi mara baada ya kuoga, sabuni ya kufulia isiguse mwili, na hapo ndio steroidi ina haki yake, kwa siku zilizohesabiwa.

Ukikwama

Wiki nne hadi sita umefuata yote na bado huna jina, peleka. Mbarara na Mulago kuna madaktari wa ngozi, na kama nauli ni shida anza na hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukichukua bayopsi mwenyewe, chagua kipele kipya ambacho hakijakunwa, kichupa cha fomalini 10%, na kwenye fomu andika hadithi yote pamoja na krimu alizopaka, sio "upele wa ngozi" peke yake, anayesoma kile kinyama hajamuona mgonjwa wako. Mzee mwenye muwasho mkali wa miezi alafu malengelenge magumu yanaanza kujitokeza, huyo asisubiri wiki sita.

Kumrudisha

Panga tarehe wakati bado yuko kwenye kiti. Kwa strongiloidesi narudia eosinofili na faneli baada ya miezi mitatu hivi, na mgonjwa aendelee na ile karatasi yake. Mwandikie pia kwenye kadi, kwa maandishi makubwa, kwamba alikuwa na mnyoo huyu, ili anayetaka kumpa steroidi kesho asome kwanza.

Afande alirudi baada ya miezi mitatu na karatasi tupu, hakuna hata mstari mmoja. Eosinofili zimeshuka, faneli haina kitu. Alipokuwa anaondoka akakumbuka kavera lake la tyubu, limebaki kwenye kabati langu, akasema alitaka kumpelekea shemeji yake anawashwa miguu. Nikamwambia tyubu zinabaki, shemeji aje, na aje na biro.